Kilima Kisichokuwepo na Miaka Thelathini na Minne ya Bi Dira

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Idara ya Ramani, wa juu na wa chini, wa kudumu na wa muda, kwamba kuanzia saa tisa na nusu alasiri ya Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, kiti cha chuma kilichoko dirishani katika Chumba cha Uchoraji kitakuwa wazi. Kiti kiko katika hali nzuri mno. Sponji yake haijabonyea, miguu yake haijalegea, na karatasi ya dukani bado imeganda chini yake. Wanaotaka kukirithi walete maombi. Wasidhani kwamba mwenye kiti alikuwa mgeni humu. Amekuwa nacho miaka ishirini na miwili. Ni kwamba hakukikalia.

Mwenyewe ni Bi Dira, anayestaafu siku hiyo baada ya kuitumikia Idara kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili, na siku kadhaa ambazo watu wa Utumishi bado wanabishana juu yake. Jina la Dira alipewa na wapimaji wenzake wa kwanza. Walisema sindano ya dira huyumbayumba mpaka uiache peke yake ndipo itulie, lakini huyu hata ukimwacha peke yake hatulii. Anasoma akiwa amesimama. Anakula akitembea. Akipigiwa simu huondoka nayo mpaka mwisho wa korido, akageuka, akarudi, na ukitaka kujua amezungumza kwa muda gani, hesabu mizunguko. Mama wa chai alishamchoka zamani.

"Bi Dira, keti basi unywe. Hiyo chai haina miguu, itakufuataje?"

"Iache hapo, mama, napita tena," hujibu Bi Dira akiwa tayari yuko mlangoni. Na kweli hupita tena. Chai ndiyo huwa imepoa.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Walisema ni kwa sababu hakuna aliyekaa meza ya jirani naye muda mrefu kuliko mimi. Kwa kweli nilikuwa nimetoka kidogo kikao kikiendelea, na mnajua kazi za kamati hupewa nani. Kwa faida ya wageni, humu ndani mimi naitwa Kifutio, kwa kuwa nilipoanza kazi nilifuta mistari mingi kuliko niliyochora. Jina ni la haki. Sina rufaa.

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo ambalo limeongeza mizunguko ya korido mwezi huu mzima. Bi Dira hataki saa ya ukutani. Hataki blanketi wala seti ya vikombe. Anataka kitu kimoja, kwenda nyanjani. Mwezi ujao kikosi cha upimaji kinatoka kwenda kurekebisha shiti kumi na nne za ramani ya kusini, kazi ya mwaka mzima, na kinahitaji mkaguzi wa mkataba: mtu wa kutembea na ramani mkononi, kulinganisha mstari na ardhi yenyewe, na kusema mto huu umehama, ziwa hili limekauka, hapa mlipoandika msitu pamebaki visiki. Mstaafu anaruhusiwa kuomba. Bi Dira aliomba siku ya kwanza, fomu ikiwa bado ina joto la mashine. Ilirudi baada ya siku tatu ikiwa na mstari mmoja pembeni: "Mwombaji ana barua ya onyo kwa uzembe katika ukaguzi." Na maombi yanafungwa Ijumaa hiyo hiyo anayotoka.

Turudi mwanzo. Aliingia Idarani akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, akaajiriwa kuwa mshika fimbo. Fimbo yenyewe ni ubao mrefu wenye namba unaosimamishwa mbali ili mpimaji ausome kwa darubini. Mshika fimbo ana kazi moja tu, kusimama bila kutikisika. Mnaweza kukisia mambo yalivyokwenda. Mpimaji mkuu wa kikosi, mzee aliyekuwa na sauti ya kuvuka bonde bila msaada wa mtu, alimpigia kelele kutoka ng'ambo: "Wewe binti! Nasoma mita mbili au naangalia ngoma?" Wiki ya pili akampokonya fimbo na kumpa kazi ya kutangulia mbele kutafuta njia. Hapo akawa amefika kwake.

Kwa miaka tisa alikuwa wa kwanza kufika kileleni na wa kwanza kumaliza maji ya chupa. Alivuka tambarare ambazo ukiangalia mbele unaona kesho kutwa. Alitembea juu ya nyanda za juu zenye upepo wa kumpeperusha mtu na mwavuli wake, akateremkia kwenye vinamasi ambako viatu huingia viwili na kutoka kimoja. Aliufuata mto mmoja siku kumi na moja, kutoka mdomo wake hadi kwenye chemchemi, na huko akagundua kwamba shiti ya zamani ilikuwa imelipa tawimto cheo cha mto, na mto wenyewe ikaufanya tawimto. Sahihisho hilo lipo mpaka leo. Mkitaka kumuona Bi Dira akitulia dakika nzima, mtajieni mto huo.

Baada ya hapo aliletwa ndani kwa miaka mitatu awe mkaguzi wa michoro, maana ni nani angejua kosa la ramani kuliko aliyelitembelea kwa miguu? Ahadi ilikuwa kwamba miaka mitatu ikiisha atarudi nyanjani akiwa mkuu wa kikosi. Alikuwa ameanza kuhesabu wiki.

Ndipo kikaja kilima.

Kila mfanyakazi mpya husimuliwa kisa hiki kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Kontua, kwa wasiokuwa wa fani, ni mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mistari hiyo ikizunguka na kufunga duara ndani ya duara, msomaji hujua hapo pana kilima. Pakiwa ni shimo badala ya kilima, mchoraji huweka vijistari vifupi vinavyoelekea ndani ya duara. Sisi tunaviita vijino. Ukivisahau, shimo linageuka kilima papo hapo, bila tetemeko wala volkano.

Shiti namba mia moja na saba ilichapishwa na kusambazwa nchi nzima. Ndani yake mlikuwa na beseni pana la ardhi ambalo hujaa maji miezi mitatu kwa mwaka, na vijino havikuwepo. Watu wa maji walikuwa wanatafuta mahali palipoinuka pa kuweka tangi, ili maji yateremke yenyewe. Wakaona kilima kizuri, cha duara, karibu na barabara. Hawakwenda kukiangalia, si walikuwa na ramani yetu? Lori likafika na tangi mgongoni. Dereva akashuka, akaigeuza shiti huku na huku, akamuuliza mkulima aliyekuwa jirani, "Mzee, kilima kiko wapi?"

Mkulima akamtazama, akalitazama tangi. "Umesimama ndani yake."

Kikafanyika kikao. Fomu ya ukaguzi ikawekwa mezani na saini ya Bi Dira ikaonekana. Dereva wa kiwanda cha uchapaji akaitwa, akasema alimuona akisaini kwenye ngazi, amesimama, ana haraka. Alipoulizwa ana nini cha kusema, Bi Dira alijibu maneno matatu: "Saini ni yangu." Barua ya onyo ikasomwa ukumbini mbele ya wafanyakazi wote. Ukuu wa kikosi ukaenda kwa mtu mwingine, na yeye, ambaye hajawahi kumaliza mlo akiwa ameketi, akapewa dawati la istilahi, dirishani, kujibu barua za shule.

Tangu siku hiyo kisa kimekuwa na maadili yake: Bi Dira alisaini bila kutazama, kwa sababu hawezi kukaa mahali pamoja. Tumekicheka miaka ishirini na miwili. Mimi pia nilikuwa nacheka, au nilikuwa nafungua mdomo pale wengine wanapocheka.

Dawati la istilahi lilikuwa mahali ambapo Idara ilikuwa inaweka watu iwasahau. Mwalimu anaandika kuuliza ghuba ni nini, mtu anamjibu kwa mistari miwili, basi. Bi Dira hakujibu kwa mistari miwili. Alikuwa anazunguka chumba kizima akitafuta mfano, na mifano ilikuwa sisi. Mwalimu mmoja aliandika kwamba wanafunzi wake hawajawahi kuona bahari, sasa rasi awaeleze vipi? Akajibiwa: "Rasi ni nchi kavu iliyojitokeza majini, maji yakaizunguka pande tatu, kama meza ya Mkuu wangu ilivyozungukwa na mafaili." Mwingine aliuliza kuhusu shingo ya nchi. "Ni ukanda mwembamba unaounganisha nchi kavu mbili. Ofisini kwetu ni ile nafasi kati ya kabati na ukuta, ambayo jirani yangu Kifutio hajapita tangu aoe." Barua hiyo ilibandikwa darasani huko kwao. Nimeambiwa kuna wanafunzi wanaonifahamu kwa upana tu.

Iliyotia fora ni ile ya tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi. "Hali ya hewa," aliandika, "ni jinsi Mkuu alivyoamka leo. Tabianchi ni jinsi alivyo kwa miaka thelathini." Sasa kila barua inayotoka lazima nakala yake ipite kwa Mkuu. Tulisubiri radi. Nakala ikarudi na swali moja pembeni, kwa mwandiko wake: "Ukanda upi?" Bi Dira akaandika chini yake: "Nusu jangwa. Mvua zipo ila hazitabiriki." Mkuu aliihifadhi nakala hiyo kwenye droo yake, na mimi nimeiona.

Kutokana na barua hizo ikazaliwa chati ya *Sura ya Nchi*, yenye istilahi mia mbili na kumi na mbili, ambayo leo imetundikwa kwenye madarasa yasiyohesabika. Mmeshaiona: nchi moja ya kubuni yenye kila kitu kimoja kimoja. Safu ya milima, volkano iliyolala, bonde la ufa, maporomoko ya maji, delta iliyojipanua kama kiganja, funguvisiwa, jangwa upande mmoja na msitu wa mvua upande mwingine, ikweta ikipita katikati bila kumsumbua mtu. Nchi hiyo haipo popote. Aliichora kwa kumbukumbu ya miguu yake.

Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya chati, kidole kimegusa korongo.

"Kifutio, unajua korongo lina harufu?"

"Ya nini, dada?"

"Ya jiwe lililolowa." Akaondoa kidole. "Nimetafuta pa kuiandika kwenye ufunguo wa ramani, sijapata."

Akaondoka na kufanya mizunguko minne. Mimi nikabaki naifanya kazi yangu vibaya.

Mwezi huu wa mwisho amekuwa hashikiki. Amepanga droo na kuzipangua. Amenunua buti na kuzizoeza kwenye ngazi zetu, juu chini, mpaka watu wa masijala wakadhani tunahama. Mumewe, fundi saa, mtu wa subira kama kazi yake ilivyo, alikuja kunitafuta getini. "Shemeji, nisaidieni," alisema. "Nampenda mke wangu. Lakini akikaa nyumbani siku saba mfululizo, nitakayehama ni mimi." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ile fomu ilivyorudi, alikaa kitandani. Akakaa, shemeji. Sijawahi kumuona hivyo."

Jumatano asubuhi nilipanda ghorofa ya tatu nikamwambia Mkuu kwamba kosa la kilima lilikuwa langu, wala si la Bi Dira.

"Keti," alisema.

"Nimesimama vizuri, Mkuu."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akipanga rula zake mbili sambamba. Nilipomaliza akauliza, "Miaka ishirini na miwili. Na leo ndiyo umekumbuka?"

"Sikusahau hata siku moja, Mkuu. Ningesahau ningekuwa nimenenepa kwa raha."

Hakutabasamu. Aliagiza faili la Bi Dira, akaitoa ile barua ya onyo mbele ya macho yangu, akaweka saini kwenye fomu ya mkataba, kisha akavuta karatasi nyeupe na kuanza kuandika barua nyingine yenye jina langu. Hiyo imeshafika kwenye faili langu. Kuanzia Jumatatu walimu wataniandikia mimi. Nawaomba radhi mapema.

Kumweleza mwenyewe kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu huwezi kumweleza Bi Dira kitu bila kutembea. Nilisema yote kufikia mwisho wa korido. Tulifanya mizunguko mitatu zaidi.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Filamu ya mchoro iliporudi kutoka kiwandani niliitazama. Vijino hakuna, na penseli yangu imefutwa. Nani mwingine hufuta humu?"

"Sasa kwa nini hukusema, dada?"

"Ulikuwa kwenye miezi ya majaribio. Wangekufukuza siku ile ile. Mimi nilijua watanihamisha tu." Tukageuka. "Nilidhani utasema mwenyewe. Nikakupa wiki. Nikakupa mwezi. Sikujua wewe mwendo wako ni ule wa mto kuchimba korongo, mdogo wangu."

Nilitaka kucheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Dada, naomba—"

"Usinipe pole. Kama unayo miaka yangu, nipe hiyo."

"Sina."

"Basi nipishe. Nina mzigo wa kufunga."

Na akanipita. Sijui kama amenisamehe, na sitaandika hapa kwamba amenisamehe.

Dada, kwa niaba ya Idara nzima, asante. Asante kwa mto ulioupa cheo chake, kwa walimu uliowajibu kama vile kila mmoja alikuwa ndiye wa kwanza kuuliza, na kwa chati hiyo ya nchi isiyokuwepo ambayo imewafundisha watoto kuitazama iliyopo. Tunakuombea njia ndefu, magoti yasiyonung'unika, maji mahali shiti inaposema pana maji, na jioni za nyanjani ambazo mguu wenyewe ndio utakaokuambia umechoka. Mahali tulipokosea, tuandikie. Tutarekebisha.

Imebaki sehemu ambayo si ya sherehe. Idara ina kanuni ya masahihisho ambayo sote tuliapa kuifuata: kila aliyepelekewa shiti yenye kosa lazima apelekewe sahihisho, hata awe mmoja na yuko mbali kiasi gani. Barua ya Bi Dira ilisomwa kwa wafanyakazi wote. Kwa hiyo Mkuu ameagiza maelezo yangu yachapishwe katika programu hii na yasomwe ukumbini siku ya sherehe. Nimeona ni haki. Haya hapa.

Ilikuwa Alhamisi, yapata saa tisa alasiri. Shiti namba mia moja na saba niliichora mimi. Bi Dira aliikagua filamu yake kwa saa mbili, akiwa amesimama, akalizungushia lile beseni penseli nyekundu na kuandika pembeni: "Vijino." Akanirudishia. Niliifuta penseli kwanza ili filamu iwe safi, nikachukua kalamu ya wino, nikakuta imeziba. Nilikwenda kuiosha. Wenzangu walikuwa wananingoja getini twende mpirani, wananiita kwa miluzi. Niliirudisha filamu kwenye bomba lake nikajiambia nitaimalizia kesho, maana sikujua kwamba gari la kiwanda lilikuwa linaichukua siku hiyo. Nilikuwa nimefika katikati ya ngazi niliposikia hatua zake nyuma yangu. Alikuwa ameshika bomba kwapani, fomu ya ukaguzi imebandikwa juu yake, kalamu mkononi, na chini gari limeshawashwa. Kurudi juu zilikuwa ngazi ishirini na nne. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Bi Dira hakuwa amesaini. Alisimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akanitazama usoni, akaniuliza kama vijino nimeweka. Nikamwambia, "Nimeweka, dada." Akasema vizuri, akaegemeza bomba ukutani, akasaini.

Sikuwa nimeweka.